Nondo Weupe wa Konde la Chini

Jumamosi, 9 Juni 1883

Kasisi Pennock amenipa daftari hili leo. Anaandika kamusi ya maneno ya kale ya Yorkshire, yale ambayo wazee wakiondoka yataondoka nao, na amenichagua mimi, Tamar Sunter, kuwa masikio yake. Kila neno naliandika kwenye kikaratasi: neno lenyewe, maana yake, nani kalisema na kalisemaje. Vikaratasi nampelekea yeye. Daftari ni langu, nami nitaandika siku zangu humu mpaka nyasi ziwe ghalani.

Tangu Baba afariki mwezi wa pili tuko wanne. Kaka yangu Reuben ndiye mwenye shamba. Mkewe Hester ana mimba ya kwanza, siku zake ni mwisho wa Julai. Mimi nimetoka kule shuleni ninakofundisha wadogo, nije kusaidia msimu wa nyasi. Wa nne ni Mama, na maneno yote nitayatoa kwake.

"Mama ana maneno kama mbwa alivyo na viroboto," Reuben alisema mezani. Mama akamtupia kitambaa cha vyombo, kikamtua kichwani.

Jumatatu, 11 Juni

Nimepata mawili. Mama alikuwa anasafisha pipa la siki, akanionyesha ule utando mzito unaokaa chini.

"Huyu anaitwa mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye anayezaa siki nyingine. Ukimmwaga, pipa limekufa. Andika hivyo, mwambie Bwana Kasisi asimwage."

La pili ni la nondo. Wale weupe wanaotoka Juni juu ya nyasi, sisi hapa tumezoea kuwaita roho. Nilimuuliza ni roho za nani. Akasugua pipa kwa muda, kisha akasema, "Za wasio na mahali."

Jumatano, 13 Juni

Mvua. Hester miguu imemvimba.

Jumamosi, 16 Juni

Leo jua lilipozama nilimkosa Mama jikoni. Nikamwona mbali, kwenye konde la chini, amesimama kwenye ile pembe yenye chemchemi ambako hata majira ya baridi udongo haugandi. Nikashuka kwa nyuma ya ukuta wa mawe.

Nondo weupe walikuwa wametoka. Nimewaona tangu utotoni, lakini leo niliwatazama kwa macho ya kazi, nikatafuta maneno. Hawaruki kwenda mahali. Kila mmoja ananing'inia juu ya nyasi palepale, akienda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama kitu kilichofungwa kwa uzi. Walikuwa ishirini, labda thelathini, na hapakuwa na sauti yoyote. Mama alikuwa katikati yao, shali imemwanguka mabegani, anazungumza.

Sikusikia yote. Nilisikia, "Umekuwa mkubwa mwaka huu." Baadaye nikasikia, "Usiogope, simwambii mtu."

Nilirudi nyumbani mbio, na nikiwa bado nahema niliandika kikaratasi: *Roho. Keziah Sunter husimama nao jioni. Anasema wanakua.* Nilifurahi kwamba nimelipata neno likiwa hai. Naandika hili ili nisijidanganye baadaye.

Jumatatu, 18 Juni

Kasisi alisoma kikaratasi changu mara tatu, akaniletea chai mwenyewe. Anasema zamani sana nondo aliitwa *moththe* na mama aliitwa *modor*. "Ni majirani mdomoni, Tamar, lakini si ndugu."

Kisha akanipa neno la kutafuta. Anasema mababu walikuwa na ugonjwa wa wanawake waliouita mama. Kitu kinaanzia tumboni, kinapanda, kinakaba koo, mwanamke anaanguka au anasema yasiyoeleweka. Walisema amepandwa na mama. "Umewahi kulisikia?"

Nilisema sijawahi. Nilimwongopea. Dada yake Jabez Harker, jirani yetu, alipandwa na mama miaka tisa iliyopita. Walimpeleka nyumba ya wendawazimu kule mjini kwa gari la farasi, na msimu wa pili akarudi kwa gari lilelile, ndani ya sanduku. Tangu hapo hakuna anayelitamka neno lile mbele ya Jabez.

Njiani nilikuwa nameza mate kila hatua, nione kama koo langu linapitisha.

Jumatano, 20 Juni

Reuben amepigilia vigingi vya mfereji kwenye konde la chini. Mwaka jana gari la nyasi lilizama kwenye ile pembe, farasi jike akavunjika mguu, ikabidi Baba ampige risasi. Reuben anataka kuikausha pembe kabla ya kukata nyasi. "Siui farasi wa pili," alisema.

Mama aliacha kula.

Alhamisi, 21 Juni

Vigingi vyote kumi na sita vimeng'olewa. Hester amevikuta ndani ya tanuri, chini ya mikate.

Ijumaa, 22 Juni

Reuben alivirudisha asubuhi. Mchana tukiwa mezani, na Jabez Harker yupo kwa kuwa alikuja kunoa miundu, Reuben akauliza kwa upole kabisa, "Mama, kwa nini ulivitoa?"

Mama alifungua kinywa. Nilimwona anataka kusema. Mkono ukaenda kooni, uso ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, akaanza kuvuta pumzi kwa sauti kama ya pampu kavu, akaanguka na kiti chake. Hester akapiga kelele. Nilimwinua, nikamlegeza kola, na ilichukua muda mrefu mno mpaka pumzi ikapita.

Jabez alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ni mama huyo," alisema. "Mimi namjua. Nimekaa naye nyumba moja."

Aliondoka bila kuinoa miundu yetu.

Jumapili, 24 Juni

Hester hataki Mama amguse. Mama alitaka kumpaka mafuta ya bata bukini miguuni, Hester akavuta miguu chini ya sketi kama aliyeona nyoka. Jioni nilimsikia akimwambia Reuben, "Je, akimshika mtoto wangu halafu akapandwa?" Nilimchukia. Niliona ana roho ya jiwe.

Mama alikwenda kondeni tena. Sikumfuata.

Jumanne, 26 Juni

Vigingi vimeng'olewa tena. Reuben amekwenda kwa Kasisi.

Alhamisi, 28 Juni

Jua kali siku nzima. Nyasi zinaiva.

Jumatatu, 2 Julai

Daktari amekuja kutoka mjini. Ni mtu mwembamba, anafuta miwani kila baada ya sentensi. Tulikuwa tunafua, Mama amekunja mikono mpaka viwikoni, mvuke umejaa jikoni. Daktari aliketi, akafungua mkoba, akatoa vikaratasi.

Ni mwandiko wangu. Niliutambua toka upande wa pili wa chumba, ile *R* yangu yenye mkia. Reuben alikwenda kuomba ushauri kwa Kasisi, na Kasisi, kwa nia njema, nadhani kwa nia njema, akampa daktari alichokuwa nacho.

"Bibi Sunter, ni kweli unazungumza na nondo?"

"Nazungumza na kuku pia," Mama alisema. "Na ng'ombe. Na Reuben, ingawa ng'ombe ndio wanaosikia zaidi."

Hester alicheka kabla hajajizuia.

"Unajua leo ni siku gani?"

"Siku ya kufua. Na wewe unanipozea maji."

Nilianza kupata matumaini. Daktari akafuta miwani, akasoma kwa sauti: "*Keziah Sunter husimama nao jioni. Anasema wanakua.*" Akamtazama. "Ulisema hivyo?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Alitazama vikaratasi, akanitazama tena. Hajui kusoma lakini anajua mkono ulioandika, kwa sababu katika nyumba hii ni mkono mmoja tu. Sijawahi kutazamwa vile. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani kuna watu asiowajua.

"Nilisema," alijibu.

"Na vigingi vya mwanao, unaving'oa kwa nini?"

Mkono ukaenda kooni. Niliomba Mungu, si sasa, si mbele yake, lakini kikaja kile kitu, kikapanda. Alishika ukingo wa beseni, maji ya moto yakamwagika sakafuni, naye anavuta pumzi na pumzi haiji. Daktari hakuinuka kumsaidia. Aliandika.

Sasa ni hivi. Daktari ameweka sahihi. Inatakiwa na ya Kasisi, na Kasisi ameomba apewe mpaka Alhamisi afikirie. Alhamisi saa sita mchana gari litakuja. Mpaka hapo Mama afungiwe sebuleni, asije akajidhuru. Reuben aligeuza ufunguo mwenyewe, kisha akabaki ameegemeza paji la uso mlangoni kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa.

Nilimwambia, "Mfungulie."

"Hester atajifungua wiki tatu zijazo, Tamar. Nifanyeje? Niambie wewe msomi. Nifanyeje?"

Koo langu limebana tangu asubuhi. Nimekunywa maji vikombe vitatu. Yanapita, lakini lazima nifikirie ndipo yapite.

Jumanne, 3 Julai

Nilimpelekea chakula mchana. Ufunguo anao Reuben, naye yuko kondeni, kwa hiyo nilikaa chini sakafuni na kupitisha mkate chini ya mlango.

"Mama, nisamehe."

Nilisikia mkate ukivutwa ndani.

"Sikujua watavitumia hivyo. Nilidhani ni maneno tu."

"Umewahi kuona maneno tu?" alisema. Alikuwa karibu sana. Naye ameketi sakafuni. Tulikaa tumepeana migongo, mlango katikati.

Nilimwambia aniambie kuhusu ile pembe. Nilimwambia nimeacha kalamu jikoni. Alisema, "Nionyeshe mikono." Nikaipitisha chini ya mlango, vidole vyote kumi, naye akavigusa kimoja kimoja. Halafu akasema huku amenishika vidole, na kila koo lilipotaka kufunga alivibana mpaka vikaniuma, akangoja, akaendelea.

Mwaka ule wa theluji kubwa nilikuwa na miaka minne, Reuben sita. Mama alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Alikuwa mdogo kama sungura lakini alilia. Baba akatembea katika theluji mpaka nyumbani kwa Kasisi, aje kumbatiza. Kasisi alikuwa kijana, mgeni, mwaka wake wa kwanza hapa. Alitazama nje dirishani, akasema barabara haipitiki, atakuja kukipambazuka. Baba alisema yeye mwenyewe amepita. Kasisi akasema atakuja kukipambazuka.

Kulipopambazuka mtoto alikuwa amekufa. Kasisi alikuja, akavua glavu, akasema asiyebatizwa hasomewi sala ya maziko wala hapati nafasi kati ya Wakristo. Ndiyo sheria. Ardhi yote ilikuwa imeganda kama chuma. Baba alitafuta shambani kote mahali ambapo sepetu ingeingia, na ni pale tu, kwenye chemchemi. Alimweka katika sanduku la siagi. Akamwapisha Mama asimwambie mtu yeyote, hata sisi, wasije wakamfukua.

"Nimekaa nacho miaka kumi na minane," Mama alisema. "Kila nikitaka kusema, kinapanda. Baba yenu amekufa, nikasema sasa nitasema. Reuben kaja na vigingi, nikasema leo nitasema. Kinapanda, Tamar."

Nilimuuliza kama nondo ni yeye kweli.

"Mimi sijui. Bibi yangu alisema hivyo. Wewe ungekuwa na mtoto asiye na kaburi, jioni ungetazama wapi?"

Jumatano, 4 Julai

Nimetoka kwa Kasisi.

Alikuwa mezani na kamusi yake. Fomu ya daktari ilikuwa pembeni, mstari wa chini mtupu. Akanikaribisha chai. Nikakataa.

"Najua umekuja kwa nini, Tamar. Ni jambo zito. Daktari ni mtu wa elimu."

"Bwana Kasisi, mwaka wa theluji kubwa mtu alikuja mlangoni kwako akiomba mtoto abatizwe. Unamkumbuka?"

Alifikiri. Nilitazama uso wake na nikaona kitu kilichonitia hofu kuliko daktari: hakuwa anakumbuka. Ilikuwa siku moja kati ya siku zake nyingi. Kisha polepole kikamjia.

"Walikuja wengi mwaka ule," alisema.

"Mmoja alikuwa baba yangu."

"Nilifuata sheria ya kanisa."

"Ulitazama dirishani."

Nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa inakatika kwa sababu koo lilikuwa linafunga kwelikweli, "Umeandika neno *roho*. Ukanipa chai kwa ajili yake. Ukauliza linaandikwaje, linatoka lugha gani. Hukuuliza roho ya nani. Iko kondeni kwetu, katika sanduku la siagi, na kesho kaka yangu atapitisha sepetu juu yake na wewe utampeleka mama yake kwa wendawazimu."

Alishika kalamu. Aliishika muda mrefu, wino ukadondoka juu ya fomu. Sijui alitaka kuweka sahihi au kuiharibu. Nilitoka nikiwa sijui. Nyumbani nilimtafuta Reuben nimweleze, lakini alikwenda kuazima sepetu ya pili kwa watu wa shamba la juu, akalala hukohuko.

Alhamisi, 5 Julai

Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito. Nilitoka mbio na aproni, nikamkuta Reuben amekwisha kuanza, mfereji umefika hatua kama thelathini kutoka kwenye pembe. Anachimba bila kuinua kichwa, jasho linamtiririka.

Nilimweleza yote. Hakusimama.

"Uongo."

"Reuben."

"Ni uongo ili nimwonee huruma. Baba angeniambia. Mimi ndiye mwanawe mkubwa, Baba angeniambia!" Akatupa udongo, ukanigonga sketi. "Mnanifanya mimi ndiye mbaya. Nyote. Mnadhani napenda kumfungia mama yangu?"

Alichimba. Hatua ishirini na tano. Ishirini. Nilimshika mkono akanisukuma. Nilimtazama nikaona anachimba kama mtu anayekimbizwa, nikaelewa kwamba amekwisha kuamini, na ndiyo maana hawezi kusimama.

Ndipo nikamwona Hester. Alikuwa anashuka kutoka nyumbani, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye ukuta, anavuta miguu ile iliyovimba. Nilidhani amekuja kumhimiza. Akafika, akasimama ndani ya mfereji mbele ya sepetu, tope mpaka vifundoni.

"Nilikuwa kwenye ngazi juzi," alisema. Hakunitazama. "Niliwasikia wakizungumza mlangoni. Siku mbili nimenyamaza. Nilitaka aende, Reuben. Nilimwogopa mpaka nikataka aende."

"Toka humo, Hester, utateleza."

"Wangu akizaliwa bila pumzi," Hester alisema, "utamweka wapi?"

Reuben akatazama tumbo lake. Akatazama pembe ya konde, pale manyasi marefu yanapoota. Sepetu ikamtoka mkononi. Hakulia. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji, akafunika uso kwa mikono yenye tope, na alipoiondoa uso wote ulikuwa mweusi isipokuwa macho.

Gari lilifika kabla ya saa sita. Wanaume wawili na farasi wa kijivu. Nilisimama mlangoni. Yule mwenye karatasi aliikunjua, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Nani aliyetuita? Hii ni nusu."

Ilikuwa na sahihi ya daktari. Mstari wa chini kulikuwa na doa la wino tu. Kasisi, mtu yule alisema, ameondoka alfajiri kwenda kwa ndugu yake pwani, hakuacha ujumbe wowote.

Kwa hiyo hakukubali, wala hakukataa. Amekimbia. Mwaka ule theluji ilimzuia asitoke, leo hata mawingu ya mvua hayakumzuia kuondoka. Lakini ni woga wake uliotuokoa, na sijui nimshukuru vipi.

"Sibebi mtu kwa karatasi nusu," mwenye gari alisema. "Mnisainie safari ya bure basi."

Reuben alifungua sebule. Mama alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani na amefungasha bunda dogo, ameketi wima, tayari. Reuben akapiga magoti, akamwekea kichwa mapajani, tope na yote. Mama alimwekea mkono juu ya nywele. Kwangu hakutazama.

Jumapili, 8 Julai

Mama hasemi nami. Anasema na Reuben, anasema na Hester. Ninapoingia jikoni, anamalizia sentensi kisha ananyamaza, kama watu wanyamazavyo mbele ya mgeni.

Jumanne, 10 Julai

Hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Julai

Tumeanza kukata makonde ya juu. Nimeacha kuandika vikaratasi. Mama amempaka Hester mafuta miguuni, Hester amefumba macho, machozi yanamtoka. Nilikosea juu yake. Ilikuwa hofu, na hofu ni yangu pia.

Jumanne, 17 Julai

Konde la chini. Jabez Harker alikuja kusaidia. Mfereji wa Reuben umenyooka vizuri mpaka karibu na pembe, halafu unazunguka kama kiwiko cha mkono, ukaiacha pembe kama kisiwa. Ulimgharimu siku nne zaidi, ndani ya mvua. Jabez aliegemea mundu wake, akatazama.

"Nani kakufundisha kuchimba, Reuben? Mlevi? Mbona umeupinda?"

"Kuna mtu pale," Reuben alisema, akaendelea kukata.

Jabez akavua kofia. Hakuuliza ni nani. Alipofika karibu na pembe aliinua mundu, akapita mbali.

Ijumaa, 20 Julai

Mvua siku tatu. Theluthi ya nyasi imeoza. Kasisi amerudi, wanasema.

Alhamisi, 26 Julai

Uchungu wa Hester ulianza alfajiri. Mkunga yuko bonde la pili na mto umejaa, kwa hiyo ni Mama na mimi. Kufikia saa nane mchana Hester hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. Mvua ilikuwa inapiga paa kama mawe. Reuben alikuwa anatembea uani bila kofia.

Mtoto alitoka wa buluu. Msichana. Hakulia. Mama akamgeuza, akamsugua mgongo kwa mafuta, akamfuta kinywa kwa kidole, akampulizia. Kimya. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikasikia koo langu linafunga, chumba kinazunguka, nikajua kimenifika na mimi, mama amenipanda, nitaanguka hapahapa juu ya kitanda.

"Tamar," Mama alisema. "Sogeza taa. Mwanangu, sogeza taa."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami katika wiki tatu. Nikapumua. Nikasogeza taa.

Akampulizia tena, na tena, na mtoto akakohoa, akatoa sauti ndogo kama bawaba. Hakuwa na nguvu. Pumzi ilikuja, ikasimama, ikaja. Mama alinitazama, na nilijua anachokiogopa, maana nje ni tufani na barabara imefunikwa na maji.

Nikashuka kumwita Reuben aende kwa Kasisi. Jikoni, kwenye kigoda karibu na moto, aliketi Kasisi Pennock. Maji yalikuwa yanamtiririka na kufanya dimbwi sakafuni. Hakuna aliyemwita. Alisikia kwa Jabez kwamba ni leo, akatoka kwa miguu, na alikuwa amekaa pale tangu saa tano, hakuthubutu kubisha ngazini.

Nilimpandisha. Mama alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya shali. Walitazamana.

"Leo umewahi, Bwana Kasisi," Mama alisema.

Alifungua kinywa, akakifunga. Mkono wake, naapa, ulikwenda kooni. Mama alimngoja. Kisha akamnyooshea bakuli la maji, kwa sababu mtoto hakuwa na muda wa kungoja watu wazima. Akambatiza. Hester akatamka jina: Lavinia. Maji yalipomgusa paji la uso mtoto alikasirika, akapiga kelele moja kubwa yenye kuziba masikio, na Reuben akaketi kwenye ngazi akaanza kucheka na kulia. Sasa, jioni, ananyonya. Mama anasema ataishi kwa ukaidi tu.

Lakini naandika juu ya kilichofuata. Kasisi alikuwa anafuta bakuli, hajui aondoke vipi. Mama akasema, "Na yule mwingine?"

"Bibi Sunter, aliyekwisha kufa siwezi kum..."

"Sikukuomba umbatize. Miaka kumi na minane nimengoja mtu mmoja aniulize aliitwa nani."

Mvua ilikuwa imepungua. Kasisi aliweka bakuli chini.

"Aliitwa nani?"

Mama akamwambia. Lilimtoka bila kukwama. Reuben alilisikia kutoka ngazini, Hester kitandani, na mimi kwenye taa, wote kwa mara ya kwanza. Kasisi akapapasa mfuko wa koti, kwa mazoea tu nadhani, akatoa kalamu ya risasi na kikaratasi kilicholowa.

"Hapana," Mama alisema, akamrudishia mkono taratibu. "Usiandike. Likumbuke."

Akasema atalikumbuka. Akalitamka tena kwa sauti, ili Mama asikie kwamba amelishika, kisha akashuka ngazi.

Nami siliandiki hapa.